Bastola Waliyotukataza Kuiyeyusha

24 Juni, Sikukuu ya Mtakatifu Yohane
Maandamano ya kuomba mvua yalipita mbele ya nyumba saa kumi na moja jioni. Padri alinyunyizia watu maji, na maji yakakauka kabla hayajafika shingoni. Kipimajoto cha benki kilisema nyuzi mia na tisa za Farenhaiti. Miaka mingine huwa nacheka, mwaka huu sikucheka.

Nilitembea na Rosalva. Mimi ndiye niliyembeba mwanawe Ismael kwenda kubatizwa, kwa hiyo tunaitana komadre, na kwetu hapa San Tadeo huo ni undugu mkubwa kuliko wa damu. Ismael alipigwa risasi miaka miwili iliyopita kwenye maegesho ya duka la kufulia nguo, wakigombea nafasi ya gari. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyempiga alikiri mwezi Machi na amefungwa. Kesi imekwisha, bastola haina kazi tena mahakamani, na iko kwenye rafu yangu.

Mimi ni mtunza stoo ya vielelezo ya polisi wa jiji, karibu miaka ishirini na mitano sasa. Kila Septemba lori letu hupeleka silaha za kesi zilizokwisha kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, nami huenda kama shahidi na kutia saini. Ndiyo sheria ndogo ya jiji. Siku ya hukumu nilimwambia Rosalva: hiyo nitaiona kwa macho yangu ikigeuka uji.

"Septemba, komadre," aliniambia leo, vumbi limemjaa usoni.
"Septemba," nikamjibu.

27 Juni
Mawingu juu ya milima mchana kutwa. Hata tone.

1 Julai
Sajenti Kimbrough aliingia stoo na karatasi mkononi na kicheko ambacho sikukipenda. Ndiye mkuu wangu, mtu wa bunduki tangu utotoni, ana kofia ya kuwindia hata kwenye gari la kazini.

"Bi Delfina, moto wako umezimwa."
"Moto gani tena?"
"Soma mwenyewe, nikisema mimi utasema naongeza chumvi."

Barua ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Anasema sheria ya jimbo hailiruhusu jiji lolote kuharibu silaha iliyo nzima. Silaha ni mali, na mali lazima iuzwe kwa mwenye duka la silaha aliyesajiliwa, naye aiuze kwa watu. Sheria ndogo yetu inapingana na sheria ya jimbo. Jiji lina siku thelathini kuifuta, la sivyo jimbo litazuia nusu ya fedha linazotupa kila mwaka.

"Chuma hakina dhambi," akasema Kimbrough. "Dhambi ni ya mtu."
"Basi kakitundike chumbani kwako, ukiote."
"Ningekitundika kama kanuni zingeniruhusu. Mtumishi wa idara hanunui kilichopita stoo, unajua wewe kuliko mimi."

Najua. Hata mtu wa nyumba ya mtumishi haruhusiwi. Kanuni hiyo niliichapa mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini.

Sikumpigia Rosalva simu. Nilitandika kitanda mara mbili, nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena.

6 Julai
Baraza la madiwani lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Diwani Tamsin Akers, ambaye sheria ndogo ile ni kama mtoto wake, alimpandisha Rosalva jukwaani. Rosalva alivaa gauni la kijani alilovaa kwenye mahafali ya Ismael. Alisema maneno machache tu: "Siombi bastola zote. Nataka ile moja isimguse mtu mwingine." Akashuka.

Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti, "Mama, pole sana, lakini sheria ni sheria." Nilitaka kumrushia kiatu. Baadaye nikamwona akimfungulia Rosalva mlango na kuvua kofia, na hilo likanikera zaidi, maana nilitaka awe mbaya kabisa.

Diwani Akers akapiga meza. "Jiji hili halitapiga magoti mbele ya jimbo! Tutakutana mahakamani!" Makofi. Nami nilipiga. Mwanamke mwembamba yule, mikono imejaa bangili, nilimwona shujaa.

9 Julai
Dhoruba ya vumbi. Nimefagia mara tatu, na meno bado yana mchanga.

15 Julai
Mvua ya kwanza. Dakika ishirini tu, lakini harufu ya vichaka ilipoingia madirishani watu wote ofisini waliacha kazi na kwenda kusimama uani. Hata Kimbrough alisimama kalowa, macho kayafumba.

Mchana ikaja amri ya Mahakama ya Juu ya jimbo. Jiji na jimbo watasikilizwa Agosti. Mpaka hukumu itoke, silaha yoyote isitoke stoo, iwe kuyeyushwa au kuuzwa. Kimbrough aliibandika mlangoni kwangu kwa gundi ya karatasi.

"Sasa wewe ni mlinzi wa kaburi," akasema.
"Na wewe ni fisi unayezunguka nje."

Alicheka mpaka akakohoa. Sina hakika kama nami nilitania.

22 Julai
Mvua jirani, sisi jua. Paa la stoo limeanza kuvuja upande wa mashariki. Nimeandika ombi la matengenezo, la nne.

3 Agosti
Nilimpelekea Rosalva maharage na nyama kavu. Hakufungua hata mfuniko.

"Hivi wewe una ufunguo au huna?"
"Ninao."
"Bastola iko kwenye rafu, na rafu iko nyuma ya mlango, na ufunguo wa mlango uko kwenye mkoba wako huo hapo. Sasa nielimishe mie mjinga, kinachokosekana ni nini?"
"Ruhusa, komadre."
"Ruhusa!" Akalitamka kama anatema mbegu. "Aliyemuua mwanangu aliomba ruhusa kwa nani?"

Akaendelea kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo mbaya kwa Rosalva, maana akipiga kelele hana neno. "Ulimshika juu ya maji ya ubatizo, ukasema utasimama badala yangu nisipoweza. Sasa siwezi. Kusimama kwenyewe ndiko huku?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikisahau kwamba nilikwenda na gari. Ndugu yangu Beto, anayekaa chumba cha uani kwangu, alikwenda kulichukua bila kuniuliza chochote.

11 Agosti
Lazima niandike hili leo, kesho nitaanza kujidanganya.

Saa nane mchana anga ikawa nyeusi. Mvua ikashuka kwa ndoo. Korongo la nyuma ya kituo likafurika, na askari wote wakaenda kuokoa watu waliokwama barabarani na magari yao, Kimbrough akiwa wa kwanza. Nikabaki peke yangu. Paa la upande wa mashariki likaachia. Maji yakamwagika juu ya rafu nne za juu, maboksi yakalainika na kupasuka, vielelezo vikaanguka sakafuni kwenye maji ya kufika vifundoni. Taa zikazimika. Kamera nazo zikazimika.

Nilikuwa nahamisha maboksi kama mwendawazimu nilipoishika. Mfuko wa plastiki, lebo ya mwandiko wangu. Ismael Encinas. Nilisimama na kitu kile mkononi, maji yakinipiga mgongoni, nikaelewa kwamba leo hakuna atakayejua. Vitu vingapi vimesombwa? Nani atahesabu? Ningeandika kimepotea katika mafuriko, na Kimbrough mwenyewe angetia saini.

Nikakitia mkobani. Naandika tena ili nisikwepe: nilikitia mkobani, nikafunga zipu, nikatembea hatua zote mpaka mlangoni, nikashika kitasa.

Kilichonirudisha si uchamungu. Nilikumbuka siku ile mahakamani, wakili wa muuaji aliponiuliza kwa saa nzima: bastola hii ilipokelewa na nani, ikakaa wapi, nani aliigusa, una hakika gani kwamba ndiyo yenyewe? Nami nikafungua daftari langu nikamwonyesha saini baada ya saini, bila pengo. Jioni hiyo wakili alimshauri mteja wake akiri. Mtu yule amefungwa kwa sababu mimi siibi. Na kwenye rafu zile kuna watoto wa watu wengine mia ngapi, kesi zao bado hazijasikilizwa. Siku nitakapochukua kimoja, wakili yeyote atasimama na kusema: mwanamke huyu hutia vielelezo mkobani.

Nikarudi, nikakiweka rafu ya juu, pakavu. Nikaketi kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Nilijichukia kwa kukichukua na nikajichukia kwa kukirudisha.

Kimbrough alirudi kaloana mpaka kiunoni. Akatazama stoo, akanitazama mimi, akatazama mkoba wangu ulivyolowa ndani na nje.

"Kimepotea kitu?"
"Hakuna."
"Hakuna hata kimoja?"
"Nimesema hakuna, Sajenti."

Akaenda kuchukua koti lake kavu garini, akanitupia mabegani, akaanza kuchota maji.

12 Agosti
Mafua. Mvua.

24 Agosti
Hukumu imetoka. Jimbo limeshinda kwa kauli moja. Majaji wamesema jiji ni mtoto wa jimbo, na mtoto hatungi sheria ya kupingana na mzazi wake. Hayo ni maneno yangu, yao yalikuwa kurasa thelathini na tisa.

Jioni baraza lilikutana tena. Watu hawakufika hata ishirini. Mkuu wa zima moto alieleza kwamba fedha za jimbo zikizuiliwa vituo viwili vitafungwa, kimoja kikiwa kile cha mtaa wetu. Kisha wakapiga kura kuifuta sheria ndogo. Diwani Akers aliinua mkono wa kufuta.

Nilimfuata kwenye kibaraza. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nina maneno mazuri ya Kihispania kwa kazi hiyo. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, viatu kavivua, anajikanda miguu.

"Sema tu, Bi Delfina. Nakusikia hata kabla hujasema."
"Ulisema hatutapiga magoti."
"Nilisema. Wewe ungechagua kituo kipi cha zima moto kifungwe?"

Nikaketi kando yake na maneno yangu mazuri yote. Karibu miezi miwili nilimwona shujaa, saa moja nikamwona msaliti, na pale kwenye ngazi alikuwa mwanamke aliyechoka tu, mwenye malengelenge miguuni.

29 Agosti
Rosalva alikuja alfajiri. Wazo amelipata usiku, na wazo lenyewe ni jema kuliko ya mawakili wote.

"Jiji haliruhusiwi kuharibu. Mimi je? Mtu akinunua kitu chake, akikikata vipande, jimbo linamfanya nini?"
"Halimfanyi kitu. Ni mali yake."
"Basi nitainunua mimi."

Ikabidi nimkumbushe, na sikupenda kumkumbusha. Akiwa na miaka ishirini alikamatwa mpakani akiendesha gari la mchumba lenye bangi milangoni. Alifungwa miezi tisa. Mwenye hukumu ya namna hiyo haruhusiwi kununua silaha wala kuishika, hata akiwa bibi wa kanisa.

"Ninunulie wewe."

Hapo ndipo pana mwiba. Dukani kuna fomu, na swali la mwanzo kabisa ni hili: je, wewe mwenyewe ndiye mnunuzi, au unamnunulia mtu mwingine? Ukimnunulia mwingine ukasema ni yako, umetenda kosa la jela. Na mimi ni mtumishi wa idara, Beto anakaa nyumbani kwangu, sote tumefungiwa.

Nikampigia simu Diwani Akers. Nilimweleza: inunue wewe, iwe yako, uikate wewe. Akanijibu: "Delfina, mimi nikionekana naingia duka la silaha na kutoka na bastola, kesho picha iko kila mahali. Nimeshindwa tayari. Usinifanye kichekesho pia." Sikumlaumu. Nilikata simu tu.

Rosalva alikunywa kahawa yangu yote. Alipoondoka aliniambia nisijali. Neno hilo limenifuata siku nzima.

7 Septemba
Lori limekuja, la mwenye duka la silaha wa kule barabara ya kaskazini, Bwana Stroud. Makreti kumi na mawili. Nilisoma namba moja moja, Kimbrough akaweka alama. Kwa miaka yote nimezisoma zikienda motoni, na sauti yangu huwa nyepesi. Leo nilisoma kama mtu mwenye homa.

Tulipofika kwenye ile iliyomuua Ismael, Kimbrough aliichukua mkononi mwangu. Haikwenda kwenye kreti lililokuwa wazi. Aliishikilia mpaka kreti la kumi na mbili, akaitia chini kabisa, akaifunika kwa mabunduki marefu, akapigilia mfuniko misumari mingi kuliko inavyohitajika.

"Stroud ni mzee na mgongo wake mbovu," akasema bila kunitazama. "Hufungua kreti mojamoja, na la mwisho hulifungua mwisho. Ijumaa au Jumamosi hivi. Nakwambia tu, maana wewe hupenda kujua mambo."

Miezi miwili nimemwita fisi.

9 Septemba
Sikulala. Sina la zaidi.

10 Septemba
Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mistari mitatu. Ningesubiri Desemba ningetimiza miaka ishirini na mitano na kupata pensheni kamili. Sasa nitapata pungufu mpaka kufa kwangu, na nimeliandika hilo hapa ili nisije nikajifanya sikujua.

Kimbrough aliisoma akiwa amesimama.

"Kanuni inataka notisi ya wiki mbili."
"Najua, nilichapa mimi."
"Mkuu wa kitengo anaweza kuisamehe." Akachukua kalamu. "Saa ngapi sasa?"
"Saa tisa kasorobo."
"Basi umeacha saa tisa kasorobo." Akatia saini. Kisha akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo kiganjani mwake. Mkono wangu ulikataa kuuachia, ikabidi auvute kidogo.

"Bado nasema chuma hakina dhambi," akasema.
"Sema unavyotaka, Sajenti. Asante."

12 Septemba
Mvua ya mwisho ya msimu, nadhani. Nyembamba, ya asubuhi.

Nilikuwa mlangoni kwa Stroud kabla hajafungua. Kreti la mwisho alilifungua jana jioni. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, safu ya pili, imesafishwa ikang'aa, lebo yangu imeondolewa. Niliitambua kwa mkwaruzo wa ubavuni. Nyuma yangu wakaingia wawili, mume na mke vijana, wakasimama kuangalia safu hiyohiyo.

"Ile," nikasema haraka, kwa sauti kubwa mno.
"Bastola ya kwanza, mama?" akauliza Stroud.
"Ya kwanza."
"Chaguo zuri. Mwanamke anayekaa peke yake lazima ajilinde, siku hizi dunia hii." Alikuwa mpole, na upole wake uliniumiza. Akanipa fomu na kalamu.

Swali lile lilikuwepo palepale. Nilikaa nalo. Kama ningekuwa namnunulia Rosalva, ningekuwa mwongo na mhalifu, na kama ni uongo, ningeweza kuichukua bure siku ya mafuriko. Nikajiuliza: Delfina, hii ni ya nani? Nikaona kwamba nilikuwa nayo miaka miwili. Niliipokea ikiwa bado na damu ya Ismael. Niliiwekea namba, nikailinda, nikaiapia mahakamani. Haikuwa na mwenyewe mwingine. Nikaandika ndiyo, ni yangu, nikatia saini yangu ileile.

Stroud alipiga simu kuuliza kama nina kosa lolote. Sina. Alinipa na kofia ya duka, zawadi ya mteja mpya.

Rosalva alikuwa akisubiri kwenye karakana ya Beto, ameketi mbali upande wa pili wa uzio kama nilivyomwambia, maana haruhusiwi hata kuigusa. Beto ni fundi wa kuchomelea. Aliibana kwenye jiliwa la mezani, akawasha gesi, akaniuliza, "Nani akate?"
"Mwenye mali," nikasema.

Akanivisha miwani na glavu, akanishikia kiwiko. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Vipande vitatu, kisha Beto akaviyeyusha vikawa bonge lisilo na umbo. Lilipopoa nilitoka nalo nikalitia kwenye viganja vya Rosalva. Sasa hakuna sheria ya kumzuia, ni chuma chakavu.

Alilipima. "Ndiyo hii tu?"
"Ndiyo hiyo tu."

Akalia, nami nikalia, tukakumbatiana kupitia mlango wa uzio mpaka Beto akajifanya ana kazi nyuma. Aliniomba radhi kwa maneno ya Agosti. Nikamwambia yalikuwa ya haki.

Alipokuwa akifuta uso alisema, "Komadre, asubuhi nilipita pale dukani, nikakuona kutoka garini. Wale vijana wawili waliokuwa nyuma yako. Nao walinunua?"

Nikamwambia sikuangalia.

Nilikuwa nimeangalia. Walichukua ile fupi ya rangi ya fedha, ya kesi ya mwalimu wa Mtaa wa Ocotillo aliyeuawa na mumewe mbele ya mabinti zake. Ile nayo niliiwekea namba mimi, na mama wa mwalimu yule naye nilimwahidi Septemba.